Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wenye maduka na kwa waweka hazina wa vyama. Msichana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Kiswahili, aliifahamu kwa njia nyingine kabisa, na kilichomfunulia maana yake kilikuwa kikopo cha ugoro.

Alikuwa amepewa kazi ambayo wanafunzi wengi wa fasihi simulizi huifahamu: aende nyanjani, akusanye visakale vya ukoo mmoja, avinukuu, kisha avichanganue. Wenzake walitawanyika pwani na bara. Yeye alipanda gari la kwenda Mumias, kwa nyanya yake mzaa baba, ambaye watoto wote wa boma lile humwita Kukhu. Alijua alichokifuata. Tangu utotoni alikuwa akisikia, matangani na arusini, kwamba babu wa babu yake alimbebea bunduki "Mzungu wa Karamoja". Kisa hicho kilikuwa fahari ya ukoo. Mjomba akitaka kumnyamazisha jirani mwenye majivuno, alikitaja. Mtoto akishindwa hesabu, aliambiwa kuwa damu ya mtu aliyemkabili ndovu haiwezi kushindwa na jedwali la saba.

Kukhu alimsikiliza mjukuu wake hadi mwisho, akainuka, akaingia chumbani. Alirudi na kijungu chembamba cha shaba kilichofungwa kamba ya ngozi na kuzibwa kwa kizibo cha mti. Ugoro ulikuwa umekwisha zamani, lakini harufu yake haikuwa imekwisha.

"Nilipoolewa hapa mwaka wa 1964 nilimkuta mzee angali hai, ila macho yalikuwa hayaoni tena," alisema. "Ugoro wake ulikaa humu. Aliniambia kwamba kilitoka katika bunduki aliyoibeba."

Msichana alikigeuza kikopo. Chini, kuzunguka kitako chake, palikuwa na herufi zilizosagika kwa kushikwashikwa. Alizisoma kwa taabu: KYNOCH, kisha tarakimu, 416, kisha neno lililofutika nusu, RIGBY. Kumbe kikopo kilikuwa ganda la risasi. Na ganda lilikuwa limeandikwa.

Huyo Mzungu wa Karamoja si mtu wa kubuni. Alikuwa Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880 na kufariki mwaka 1954, ambaye walimwengu wa uwindaji walimpa lakabu ya "Karamojo". Mwanzoni mwa karne ya 20 aliwinda ndovu katika nchi ya Karamoja, ambayo leo imo Uganda. Mumias wakati huo ilikuwa kituo cha misafara. Wafanyabiashara wa Kiswahili walikuwa wamemtangulia Bell katika njia za kaskazini, wakifuata pembe, na wapagazi wengi walipatikana papo hapo Mumias. Hivyo simulizi ya ukoo haikuwa na kasoro ya mahali. Kijana wa Mumias mwenye nguvu, katika miaka ile, angeweza kabisa kuwamo katika msafara wa Bell.

Hata hivyo, mhadhiri aliyemsimamia msichana alikuwa amewaonya wanafunzi wake kabla hawajaondoka. Simulizi, aliwaambia, haikataliwi na haimezwi; huulizwa. Msichana akaamua kuliuliza ganda. Aliporejea chuoni aliingia maktabani, na kwa majuma mawili akawa anasoma habari ambazo hakuna mtahini angemuuliza: habari za mafundi wa bunduki.

Aligundua kwanza kwamba Rigby si jina la kiwanda kikubwa cha kuyapa majeshi silaha. John Rigby wa kwanza alifungua karakana yake Dublin, Ireland, mwaka 1775. Karakana ilirithiwa baba kwa mwana, na mjukuu wake, John Rigby wa tatu, akaishika mwaka 1858. Katika miaka ya 1860 alifungua duka London, na kufikia mwaka 1897 biashara ya Dublin ilikuwa imeachwa. Mtu huyu hakuwa fundi wa kawaida. Kuanzia mwaka 1887 hadi 1894 alikuwa msimamizi wa kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza kilichoko Enfield. Alifariki mwaka 1916. Katika maisha yake bunduki zilihama kutoka baruti nyeusi yenye moshi mzito hadi baruti mpya isiyo na moshi, na yeye alikuwa mmoja wa walioongoza uhamaji huo. Mwaka 1898 karakana yake ilitoa risasi ya .450 ya baruti mpya, ikawa kielelezo cha bunduki za kuwindia ndovu na nyati.

Tarakimu hizo, .450 au .416, zilimtatiza msichana mwanzoni, kwa maana hakuzoea kuona nukta mwanzoni mwa jina. Akaelewa kwamba ni kipenyo cha risasi kwa sehemu za inchi. Kwa hiyo .416 ni kama milimita 10.6, na .275 ni jina ambalo Waingereza waliipa risasi ya Kijerumani ya milimita 7. Jina la risasi, kama jina la mtu, hubadilika likivuka mpaka.

Ujerumani inaingia katika kisa hiki kwa mlango wa mbele. Katika mji wa Oberndorf, kiwanda cha Mauser kilikuwa kimeunda mtambo wa komeo ambao haukuwa na mshindani kwa uimara: mwindaji huinua mkono wa komeo, huuvuta, ganda tupu huruka, huusukuma, risasi mpya huingia. Mwishoni mwa karne ya 19 Rigby akawa wakala wa Mauser nchini Uingereza, wakala wa pekee, hadi mwaka 1912. Mtambo uliletwa kutoka Ujerumani. Mafundi wa London wakautia mtutu, wakauchongea kitako cha mti wa jozi, wakautilia alama za kulengea, wakaunakshi. Kwa ombi la Rigby, Mauser walitengeneza mtambo mrefu zaidi ya ule wa kawaida, uweze kuzimeza risasi kubwa za Afrika na Bara Hindi. Mwaka 1907 ikatangazwa .275 ya Rigby. Mwaka 1911 ikafuata .416.

Sababu ya ukubwa wa ganda la .416 ilimpendeza msichana kwa kuwa ilihusu jua la kwao. Baruti ya wakati ule, iliyoitwa kodaiti, ilipandisha shinikizo lake penye joto kali. Risasi iliyokuwa salama Uskoti iliweza kukwama ndani ya mtutu wa bunduki pale nyikani Tsavo, mwindaji akashindwa kufungua komeo hali nyati anamjia. Rigby akaunda ganda pana, ili baruti iwe na nafasi na shinikizo libaki chini. Kichwa cha risasi chenyewe kilikuwa na uzito wa karibu gramu 27.

Pamoja na sifa zote hizo, bunduki zenyewe zilikuwa chache. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili kuanza mwaka 1939, Rigby hawakuwa wametengeneza bunduki 200 za .416. Ndiyo maana wakusanyaji wa leo hulipa fedha nyingi ili kuipata moja. Na penye fedha nyingi hapakosi hila. Mtutu wa mtengenezaji mwingine huweza kuandikwa jina la Rigby. Bunduki halisi huweza kubadilishwa mtutu, kitako na hata kipenyo, ikabaki na jina tu, kama ule mtumbwi uliobadilishwa kila ubao. Basi wataalamu wakaunda elimu ya kuzitambua, na msichana alipoisoma elimu hiyo alihisi anasoma kitabu cha uhakiki wa miswada.

Kama mhakiki wa mswada wa utenzi anavyotazama karatasi, wino, hati ya mwandishi na beti za mwisho zenye jina na tarehe, ndivyo mtambuzi wa bunduki anavyotazama mambo manne. La kwanza ni anwani iliyochorwa juu ya mtutu. Katika karne ya 19 duka la Rigby lilikuwa nambari 72, St James's Street. Katika miaka ya kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza likahamia nambari 43, Sackville Street. Bunduki yenye anwani ya Sackville Street haiwezi kuwa imeuzwa mpya katika karne ya 19, hata mwenye nayo aape vipi.

La pili ni alama za majaribio. Hakuna mtutu ulioruhusiwa kuuzwa Uingereza kabla haujajaribiwa kwa baruti nyingi kupita kiasi cha kawaida. London kazi hiyo hufanywa na chama cha mafundi kilichopewa hati yake ya kifalme mwaka 1637. Birmingham ina nyumba yake tangu mwaka 1813. Kuanzia mwaka 1904 mtutu uliojaribiwa London kwa baruti isiyo na moshi uligongwa muhuri wa mkono uliovaa deraya, umeshika upanga uliopinda, na chini yake herufi NP. Ule wa Birmingham uligongwa NP chini ya taji. Alama hizo ni ndogo kuliko punje ya mtama, na mwenye kughushi aghalabu husahau mambo madogo.

La tatu ni mtambo wenyewe: ni wa Mauser halisi wa Oberndorf au la, ni mrefu au ni wa kawaida. La nne, ambalo ndilo hakimu wa yote, ni nambari. Kila bunduki ya Rigby iligongwa nambari yake, na nambari hiyo iliandikwa katika daftari la duka pamoja na aina ya bunduki, tarehe na jina la mnunuzi. Mwenye bunduki akitaka kujua ukweli, hufungua daftari. Kampuni yenyewe imetangatanga sana: mwaka 1997 iliuzwa kwa Wamarekani na kazi ikahamia California, mwaka 2010 jina likarudishwa London, mwaka 2013 likanunuliwa na kundi la kampuni za Kijerumani lililomiliki pia jina la Mauser, na hivyo wale ndugu wawili wa zamani wakakutana tena chini ya paa moja. Wakusanyaji huzitenga bunduki za kila kipindi hicho, na kinachowawezesha kuzitenga ni daftari.

Msichana alijifunza pia kwamba elimu hii ina mitego yake. Mfano mashuhuri ni bunduki ya Jim Corbett, mwindaji wa Bara Hindi ambaye mwaka 1947 alihamia Nyeri pamoja na dada yake Maggie, akafariki huko mwaka 1955, akazikwa katika kanisa la St Peter's. Corbett alikuwa na Rigby ya .275 yenye kibati cha fedha kitakoni. Kibati kinaeleza kwamba alitunukiwa na gavana kwa kumuua chui milia jike wa Champawat mwaka 1907, mnyama aliyesemekana kuua watu 436. Wengi husoma haraka wakadhani kwamba bunduki ile ndiyo iliyomuua. Haikuwapo. Ilitolewa kwa sababu ya kifo cha mnyama huyo, baada ya kifo hicho. Kazi yake iliyoipa jina ilikuja baadaye, mwaka 1926, ilipomuua chui wa Rudraprayag. Kibati hakikudanganya, aliyekisoma ndiye aliyeongeza.

Mfano wa pili ulikuwa wa karibu zaidi. Mwaka 1949 Harry Selby, mwindaji aliyekulia karibu na Nanyuki, alikuwa amepoteza bunduki yake ya mitutu miwili baada ya kukanyagwa na gari. Akiwa na wateja wanaomngoja, alinunua Rigby ya .416 iliyokuwa dukani Nairobi. Mwaka 1953 mwandishi wa Marekani Robert Ruark alitoa kitabu juu ya safari yake na Selby, na kitabu hicho kikaifanya .416 ijulikane duniani kote. Bali bunduki hiyo, iliyo maarufu kuliko zote za aina yake, ilijengwa juu ya mtambo wa Mauser wa urefu wa kawaida, si ule mrefu unaotarajiwa. Mtu anayeijua kanuni pasipo kuujua upekee angeitazama na kusema kuwa ni ya kughushi.

Katika kitabu hicho cha Ruark yumo mbeba bunduki aitwaye Kidogo. Msichana alisimama kwenye jina hilo kwa muda. Kidogo si jina la kwenye daftari. Ni jina la utani, la kuitia mtu kambini. Akakumbuka kwamba hata katika kitabu cha Ernest Hemingway kuhusu safari yake ya miaka ya 1933 na 1934 kuna mbeba bunduki aliyeandikwa M'Cola, tahajia ambayo haimwezeshi msomaji wa Kiswahili kujua mtu huyo aliitwaje na mamake. Bell mwenyewe, ni haki kusema, alimtaja kwa heshima Pyjale, Mkaramojong aliyemfuatilia ndovu. Aidha Bell alikuwa mtu wa daftari: aliweka hesabu ya ndovu aliowaua, nayo ikafika 1,011. Ndovu waliandikwa mmoja mmoja. Wapagazi walihesabiwa kwa mizigo.

Hapo ndipo ile methali ya wahenga ilipomgeukia msichana. Bunduki ilikuwa na nambari, anwani, muhuri na daftari London. Pembe zilikuwa na uzito ulioandikwa. Mtu aliyeubeba mtutu ule juu ya bega lake, maili kwa maili, alikuwa na nini?

Alikuwa na ganda. Msichana alichukua rula ya shule, ile ya sentimita 30, akalipima. Lilikuwa na urefu wa karibu milimita 74, na kitako chake kilikuwa na upana wa karibu milimita 15. Ganda la .275 lina urefu wa milimita 57 na kitako cha milimita 12. Hapakuwa na shaka. Hata kama herufi zingefutika zote, umbo lingesema: hili ni ganda la .416.

Na ganda la .416 halikuwapo duniani kabla ya mwaka 1911. Bell alikuwa ameiacha Karamoja miaka kadhaa kabla ya mwaka huo. Tena sifa yake kubwa ilitokana na kutumia risasi ndogo. Ndovu wake wengi aliwaua kwa milimita 7, risasi ambayo wawindaji wenzake waliiona ya kuulia swala, kwa sababu aliwapasua ndovu waliokufa mafuvu yao kwa msumeno, akajifunza ubongo ulipo, akalenga hapo tu. Kikopo cha ugoro hakikutoka katika bunduki ya Mzungu wa Karamoja. Fahari ya ukoo ilikuwa imepimwa kwa rula, ikapatikana na upungufu.

Msichana hakulala vizuri usiku ule. Alimfikiria mjomba wake na majivuno ya jirani. Alijiuliza kama mtafiti ana haki ya kwenda kwa ajuza aliyempokea kwa uji na kuku, akamwambia kwamba kumbukumbu yake ina walakini. Aliweza kuandika tasnifu yake, akapata alama zake, na Mumias wasijue. Lakini kikopo hakikuwa chake. Ilimpasa kukirudisha, na kurudisha kitu cha watu huku umeficha ulichokikuta ndani yake si kurudisha.

Likizo ilipofika alikaa tena barazani kwa Kukhu.

"Kukhu," alisema, "nimelichunguza lile ganda. Halitoki katika bunduki ya Karamoja. Lilitengenezwa baada ya yule Mzungu kuondoka."

Kukhu aliendelea kuchambua maharagwe. Msichana akaanza kueleza habari za milimita, akaona aibu, akanyamaza.

"Mjukuu wangu," alisema Kukhu hatimaye, "mimi nilikwambia nini? Nilikwambia kwamba mzee alisema kikopo kilitoka katika bunduki aliyoibeba. Nilitaja Karamoja mimi?"

Msichana alifungua kijitabu chake cha nyanjani. Kweli, hakutaja. Maneno ya Kukhu yalikuwa yamenukuliwa kama yalivyotamkwa. Karamoja ilitoka kwa wajomba.

"Karamoja ni maneno ya matangani," Kukhu aliendelea. "Huenda alikwenda, huenda hakwenda. Alibebea Wazungu wengi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mvi zikamtoka. Wengine hakujua hata majina yao. Waliitana kwa lakabu, nao wakamwita walivyotaka. Hilo ganda aliliokota kwa mmojawapo. Akalipenda kwa sababu halipitishi maji."

Basi hapakuwa na uongo. Palikuwa na simulizi mbili za kweli, au moja ya kweli na nyingine iliyowezekana, ambazo vinywa vingi vilizifuma zikawa moja. Wanafunzi wa fasihi simulizi hulisoma jambo hili darasani, lakini ni nadra wakaliona likitendeka mbele yao, kati ya bakuli la maharagwe na kikopo cha shaba. Ganda halikuikanusha simulizi ya Kukhu. Lilikuwa limeikanusha nyongeza, kama vile kibati cha Corbett kinavyowakanusha wanaokisoma kwa pupa.

"Aliwahi kuifyatua?" msichana aliuliza.

"Bunduki? Nani angempa? Alibeba tu. Ndovu akija, aliweka bunduki mkononi mwa mwenyewe, akasimama nyuma yake pale pale. Kukimbia hakuruhusiwa, na kupiga hakuruhusiwa. Siku moja nilikuwa nikimwogesha, maana alikuwa mkongwe mno, nikaona bega lake la kushoto lina sugu, jeusi, gumu kama kwato. Nikamuuliza ni ugonjwa gani. Akacheka. Akasema hiyo ndiyo nambari yake."

Msichana aliacha kuandika. Alikuwa amesoma majuma mawili juu ya mihuri ya London, juu ya mkono ulioshika upanga, juu ya mtutu unaojaribiwa kwa baruti kupita kiasi ili ijulikane kama utapasuka. Ilikuwapo pia alama nyingine ya majaribio, iliyogongwa katika mwili, na iliyoingia kaburini na mwenye mwili huo bila kuandikwa popote.

Uwindaji wa aina ile ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na mwaka 1989 serikali ikazichoma hadharani tani 12 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wawindaji wa zamani wengi wameandikiwa vitabu. Bunduki zao zinapouzwa mnadani, huandamana na barua ya kuthibitisha yaliyomo daftarini: nambari, tarehe, mnunuzi. Kila mmiliki anayefuata huongezwa katika orodha, nayo bei hupanda kwa kila jina. Wapenzi wa bunduki hizo huiita orodha hiyo historia ya umiliki. Waswahili wana neno fupi zaidi: nasaba. Lakini nasaba hiyo humtaja aliyenunua tu. Aliyebeba hakununua, kwa hiyo hakuingia. Wazee waliusia kwamba unahodha usimsahaulishe mtu ubaharia. Daftari la duka halikuwahi kuusikia wasia huo.

Tasnifu ya msichana ilipokamilika, haikuwa ile aliyokuwa amekusudia. Sura moja ilieleza ganda, vipimo vyake na mwaka ambao haliwezi kuutangulia. Sura nyingine ilinukuu kisakale cha Karamoja kama wajomba wanavyokisimulia, kwa taadhima zake zote, maana kisakale hakiandikwi ili kiaibishwe. Sura ya tatu, iliyo fupi, ilikuwa ya maneno ya Kukhu. Mhadhiri aliandika pambizoni mwa sura hiyo kwamba ingefaa irefushwe.

Ndipo msichana alipokwenda Mumias mara ya tatu, safari hii bila kutumwa na chuo. Alikuwa amenunua daftari jipya la jalada gumu, lile ambalo wenye maduka hulitumia kuandikia madeni. Alichora mistari akaigawa kurasa kwa safu kama alivyokuwa ameona katika picha za madaftari ya London: nambari, jina, tarehe, maelezo. Alimwomba Kukhu amtajie jina la mzee, alilopewa na wazazi wake, si la kambini. Kukhu alilitaja. Akataja la babake mzee, na la mamake, na ukoo wa mamake, na mwaka wa njaa ambao alizaliwa kabla yake, na mvua ambayo alizikwa ikinyesha. Safu ya tarehe ilibaki na maneno badala ya tarakimu, lakini haikubaki tupu.

Walipofika kwenye safu ya maelezo msichana aliandika: alibeba bunduki, bega la kushoto. Akamsomea Kukhu ili asahihishe.

Kukhu alilisikiliza, akaafiki kwa kichwa. Kisha akatabasamu, meno mawili tu yaliyosalia yakaonekana.

"Ongeza," alisema, "kwamba alikuwa akiniibia sukari. Kipofu vile vile, na kila siku aliijua mahali nilipoificha."

Msichana aliongeza.